Ngika na Gumha: Waasisi wa Mashindano Yasiyo na Refa

Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hadi Agosti, Usukuma hufungua msimu wake wa mashindano. Makundi mawili ya ngoma hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Refa hakuna. Watazamaji wanahama, wanarudi, wanahama tena, na kundi litakalobaki na umati mkubwa ndilo lililoshinda.

Mchezo huu una wenyewe. Wazee husimulia kwamba katikati ya karne ya 19 waliishi mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali zaidi. Ubishi ukapelekwa uwanjani, watu waamue. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Dawa ya kuvuta watu ni samba, na uhodari wa manju hupimwa kwa hiyo sawasawa na kwa sauti yake.

Ubishi wa watu wawili ukameza ngoma za Usukuma nzima. Bayeye wanaocheza na chatu, Banungule waliotokana na wawindaji wa nungunungu, wakulima wa bugobogobo: kila kikundi kina upande wake. Itazame bugobogobo kwa karibu. Mchezaji ameshika jembe lilelile la shambani. Analirusha juu, linazunguka hewani, naye analidaka kwa mpini huku miguu haijaachana na ngoma kubwa. Kazi ya kulima imegeuzwa ufundi wa kushindania.

Pande hizo mbili zilisafiri na watu. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioendeshwa na Waingereza kati ya 1947 na 1956, ulihimiza familia zilizobanwa na uhaba wa ardhi zihamie Geita. Walihama na ng'ombe, mbegu za pamba na ngoma zao. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulipoanza kuzalisha mwaka 2000, Bagika na Bagalu walikuwa wenyeji wa siku nyingi.

Aliyeupa urithi huu nyumba alikuwa padre. David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kukusanya vitu na simulizi za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Makumbusho yaliyotokana na kazi hiyo yana jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na banda la ngoma ambamo Bagika na Bagalu wote wawili wana nafasi. Sikukuu ya Ekaristi akaiunganisha na mashindano yao, ikaitwa Bulabo, yaani maua. Kanisa kuyakaribisha mashindano yaliyozaliwa na waganga lilikuwa jambo la ujasiri, na kwangu mimi ndiyo hisani kubwa kuliko zote alizoifanyia Usukuma.

Lakini Bujora peke yake haitoshi. Dhahabu imeipa jina timu ya mpira, Geita Gold, iliyofika Ligi Kuu mwaka 2021. Naziomba halmashauri na migodi ya Shinyanga na Geita ziwape na Ngika na Gumha kombe lao, na kabla ya kombe zitume vijana wenye vinasa sauti kwa mamanju wazee, msimu huuhuu, wangali hai.