Mashine Ndogo ya Kuchonga Chuma: Kutoka Viwanda vya Silaha hadi Karakana za Nyumbani

Mashine ya kuchonga chuma, yaani ile ambayo kisu chenye meno mengi huzunguka huku kipande cha chuma kilichobanwa juu ya meza kikisogezwa kukutana nacho, ilizaliwa katika viwanda vya silaha vya kaskazini-mashariki mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, wala hakuna aliyedhani kwamba siku moja ingekaa katika banda la nyuma ya nyumba. Serikali ya nchi hiyo ilitaka bunduki na bastola ambazo sehemu zake zingeweza kubadilishana, na fundi wa tupa, hata awe hodari kiasi gani, hakuweza kutoa mamia ya vipande vyenye umbo moja kwa gharama ya kuvumilika. Kwa muda mrefu vitabu vilimpa Eli Whitney wa New Haven heshima ya kuibuni, na kuutaja mwaka 1818. Wanahistoria wa nusu ya pili ya karne ya 20 walipochunguza upya waliona kwamba ushahidi wa dai hilo ni dhaifu, na kwamba Simeon North, mtengenezaji wa bastola wa Middletown, Connecticut, alistahili kutajwa zaidi. Linaloelekea kuwa kweli ni kwamba mashine hiyo ilikua polepole mikononi mwa mafundi kadhaa waliokuwa wakikabili tatizo moja.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokana na kazi ndogo yenye kuchosha. Keekee za chuma zenye mifuo ya mzunguko zilikuwa zikichongwa kwa tupa, mfuo baada ya mfuo, na mnamo mwaka 1862 Joseph R. Brown, wa kampuni ya Brown & Sharpe ya Providence, alitoa mashine ambayo meza yake iliweza kugeuzwa kwa pembe na kukizungusha kipande kilipokuwa kikisogea, hata mfuo ukajichonga wenyewe. Kisha mwaka 1938, katika mji wa Bridgeport, Connecticut, Rudolph Bannow na Magnus Wahlstrom walianza kuuza mashine iliyosimama wima, ambayo kichwa chake, yaani sehemu inayobeba mota na mhimili wa kisu, kiliweza kuinamishwa na kuzungushwa karibu kila upande. Mashine hiyo ya Bridgeport, yenye uzito wa karibu kilo 900, ikawa kielelezo cha karakana za mafundi wa vifaa, na koni ya kushikia visu iliyobuniwa kwa ajili yake, iitwayo R8, ingali inatumika katika mashine zisizofika hata sehemu ya kumi ya uzito huo.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko Uingereza Percival Marshall alianzisha mwaka 1898 jarida la Model Engineer, lililowalenga watu waliotengeneza injini ndogo za mvuke na treni za mfano kwa mapenzi yao, na wengi wa wasomaji hao walikuwa na mashine moja tu, ile ya kukereza, ambayo kipande ndicho kinachozunguka na kisu hutulia. Walipotaka kuchonga uso bapa walifunga kisu mahali pa kipande, nacho kipande wakakibana kwenye kiti kidogo cha kupanda na kushuka kilichowekwa juu ya mashine hiyohiyo. Mashine ya Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston karibu na Nottingham baada ya Vita Kuu ya Pili, ilifanyishwa kazi hiyo na maelfu ya mafundi wa nyumbani. Waliotaka zaidi waliweza kununua seti ya vyuma vya kusubu, yaani vyuma vilivyomiminwa katika kalibu, na kujimalizia wenyewe. Mashine ya Dore-Westbury, iliyotokana na usanifu wa Edgar Westbury, ilijengwa kwa njia hiyo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye karakana ya nyumbani alizoea tangu zamani kulipa sehemu ya bei kwa jasho lake.

Bei ilishuka kweli pale viwanda vya Taiwan, kikiwemo cha Rong Fu, vilipoeneza mashine ya nguzo ya mviringo iliyofanana na mashine kubwa ya kutoboa, na baadaye, mwanzoni mwa karne ya 21, pale mashine ya Sieg X2 kutoka Shanghai, yenye kilo 50 hadi 60, ilipoanza kuuzwa Marekani na Ulaya chini ya majina mengi ya wafanyabiashara. Kila moja ilikuja na udhaifu wake. Nguzo ya mviringo ilimaanisha kwamba kichwa kikipandishwa kinaweza kugeuka kidogo, na fundi akapoteza mahali alipopimia shimo lake; nguzo ya X2, iliyoshikwa chini kwa nati moja kubwa ili iweze kuinama, ilitikisika kisu kilipobanwa na chuma kigumu, na gia zake za plastiki zilivunjika meno. Hata hivyo haitakuwa haki kuzidharau mashine hizi, maana kilichopunguzwa zaidi ndani yake ni saa za fundi wa kuoanisha nyuso.

Saa hizo zina historia yake. Mwaka 1840 Joseph Whitworth aliueleza mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow jinsi uso wa chuma unavyofanywa bapa kwa kukwangua badala ya kusaga: bamba tatu hupakwa rangi nyembamba, hulinganishwa mbili mbili kwa zamu, na kila panapogusa hukwanguliwa kwa mkono mpaka zote tatu zikubaliane. Bamba mbili hazitoshi, kwa kuwa moja yaweza kubonyea na nyingine kuvimba zikashikana vizuri bila yoyote kuwa bapa. Ya tatu ndiyo hufichua kosa. Kwa muda mrefu njia za mashine bora, yaani nyuso ndefu ambazo meza hutelezea, zilimaliziwa kwa kukwanguliwa, na kazi hiyo ilikula siku nyingi za fundi aliyefunzwa kwa miaka. Kiwanda kinachouza kwa bei ya chini hakiwezi kulipia siku hizo, kwa hiyo huiacha kazi pale mashine ilipoifikisha, na anayenunua huirithi.

Ndiyo sababu marekebisho ya mwanzo hufuata mpangilio ambao mafundi wa kale wangeutambua mara moja. Mashine hufunguliwa, grisi nzito ya kuzuia kutu husafishwa, na makali yaliyoachwa kwenye njia huondolewa kwa tupa laini. Kisha huja kunyoosha kichwa: geji yenye uso wa saa hufungwa kwenye mhimili kwa mkono mfupi na kuzungushwa juu ya meza, na usomaji wa kushoto na kulia, mbele na nyuma, hulinganishwa. Kosa dogo huonekana upesi, kwani kichwa kilichoinama kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi moja hutoa tofauti ya takribani milimita 0.35 katika duara lenye upana wa milimita 200. Meza inaposogea kushoto na kulia, kichwa kilichoinama kufuata mwendo huo huchonga uso wenye bonde jepesi, na kilichoinama mbele au nyuma huacha ngazi ndogo kati ya mkato na mkato. Pale ambapo nguzo imefungwa kwa boliti isiyoruhusu kuinama mbele na nyuma, fundi hutia vipande vya bati jembamba chini yake, akikaza na kupima tena, na kazi hii haipendi haraka.

Hubaki kabari bapa, vipande vyembamba vya chuma vinavyojaza nafasi kati ya meza na njia zake na kubanwa kwa skrubu ndogo za pembeni. Zikilegea meza hucheza, zikikazwa mno huwa nzito na njia hulika. Hubaki pia pengo kati ya skrubu ndefu inayoisogeza meza na nati yake, ambalo hufanya gurudumu la mkono lizunguke kidogo kabla meza haijaitikia. Fundi huliepuka kwa kufikia kipimo daima akitokea upande uleule. Hatari yake kubwa iko pale meno ya kisu yanapokwenda upande mmoja na mwendo wa kipande, kwa sababu hapo kisu hukivuta kipande ghafla kwa kadiri ya pengo lote na huweza kuvunjika. Vipimo vya kielektroniki vinavyofungwa mezani siku hizi humsomea fundi mahali meza ilipo hasa, hata asihitaji kulihesabu pengo hilo, lakini haviizuii meza kuvutwa. Kwa hiyo katika mashine nyepesi mkato wa aina hiyo huachwa kwa safari ya mwisho yenye kina kidogo sana, baada ya kukaza kufuli ya upande ambao meza haisogei.