Ukuta wa udongo (Kazimia)
Ukuta wa matofali mabichi, au wa miti na fito iliyokandikwa, katika nyumba za Kazimia, kando ya Ziwa Tanganyika, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini. Nguvu yake ni uzito: udongo hufyonza joto la jua polepole mchana kutwa, kisha hulitoa usiku hewa ikishapoa, na chumba hukaa vizuri bila feni wala umeme. Tofali bichi hukaushwa kwa jua tu. La kuchoma hula kuni, hasara kubwa kwa misitu. Adui wa ukuta wa udongo ni maji. Masika humomonyoa ukuta usio na msingi wa mawe na upenu mpana. Bati lisilo na dari hushusha joto chumbani na kuuharibia ukuta kazi yake.