Historia ya Kupima Vitundu vya Tando za Kuchujia

Mwaka 1907 mwanakemia Mjerumani Heinrich Bechhold, aliyefanya kazi Frankfurt, alieleza jinsi ya kutengeneza tando za kuchujia kwa kolodioni, yaani nitroselulosi iliyoyeyushwa, ambazo ukubwa wa vitundu vyake ulitegemea ukolezi wa kolodioni hiyo. Kwa kuwa vitundu hivyo havikuonekana kwa hadubini za wakati ule, aliulowesha utando kwa maji, akasukuma hewa kutoka upande mmoja na kuongeza shinikizo taratibu mpaka kiputo cha kwanza kikatokeza upande wa pili. Mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayoukaza uso huo, huizuia hewa zaidi kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba, na hivyo shinikizo la kiputo hutosha kukokotoa kipenyo. Hata hivyo, kitundu cha mikromita 1 huhitaji takriban baa 3, ilhali cha nanomita 10 kingehitaji karibu baa 300. Isitoshe, kiputo cha kwanza huonyesha kitundu kikubwa kuliko vyote, wala hakielezi vingine.

William Elford wa London, katika miaka ya 1930, alifuata njia nyingine. Alipima kasi ya maji yanayopita, kisha akapima uzito wa utando ukiwa umelowa na ukiwa mkavu ili kupata sehemu ya ujazo wake iliyo wazi. Kanuni ya Poiseuille, inayohusisha mtiririko na kipenyo cha mrija, ilimpa kipenyo cha wastani, mradi vitundu vyote vichukuliwe kuwa mirija iliyonyooka, ingawa kolodioni ni kama sifongo yenye njia zinazopinda na kuungana. Kwa tando hizo, virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo vilikadiriwa kuwa na nanomita 8 hadi 12, ilhali hadubini ya elektroni ilionyesha baadaye kwamba vinakaribia 30.

Kila njia, basi, ilijibu swali lake yenyewe, na watengenezaji wa dawa walihitaji jibu la swali jingine: ni nini kitakachozuiwa? Ndiyo maana utando wa mikromita 0.22 huthibitishwa kwa bakteria wadogo aina ya Brevundimonas diminuta, wasiopungua milioni 10 kwa kila sentimita ya mraba, na hufaulu pale tu ambapo hapiti hata mmoja.