Profaji: kirusi mlowezi

Miaka ya kuelekea 1950, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, André Lwoff aliweka bakteria mmoja wa Bacillus megaterium ndani ya tone la lishe, akamtazama kwa hadubini akigawanyika. Akatenga watoto, akaendelea kuhesabu. Migawanyiko 19 ikapita bila kirusi hata kimoja kuonekana ndani ya tone, na bado kila mtoto alikuwa na uwezo wa kutoa virusi. Walipomulikwa kwa miale ya urujuanimno, bakteria wakapasuka na virusi vikamwagika. Kirusi kilikuwamo muda wote, kimeshonwa ndani ya jenomu na kurithishwa pamoja nayo. Hicho ndicho kinachoitwa profaji.

Neno hilo latamkika vizuri, ila halimwambii kitu msomaji wa Kiswahili. Napendekeza kirusi mlowezi. "Mpangaji" halifai, maana mpangaji ana chumba chake na siku yake ya kuhama. Mtu aliyekwenda Hija asirudi, akaoa Jeddah, akazaa huko, kwao husema amelowea. Wanawe hawana kwao kwingine.

Ubora wa neno hili huonekana tunapofika kwenye kinga. Bakteria wengi wana mfumo wa krispa: huhifadhi vipande vya DNA ya virusi vilivyowahi kuwavamia, na kirusi chenye kipande kama hicho kikirudi, hukatwa kwa protini zilizo kama mkasi. Sasa, kipande hicho kikilingana na mlowezi? Mkasi utakata kromosomu ya bakteria mwenyewe, naye atakufa. Ndiyo maana wako walowezi wanaobeba protini za kuzuia mkasi. Na mwaka 2014 maabara ya Luciano Marraffini, New York, ilionyesha kwamba aina mojawapo ya krispa humwacha mlowezi aliyetulia, ikamkata pale tu jeni zake zinapoanza kusomwa. Mlowezi naye hulinda nyumba: protini inayonyamazisha jeni zake hunyamazisha pia za jamaa zake wanaobisha hodi.

Lakini neno mlowezi lina uchungu kwetu, tuliotawaliwa. Nimelipima, nikaona uchungu huo nao una mahali pake. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walibainisha kuwa jeni za sumu ya kipindupindu hazikuwa za bakteria kwa asili. Zililetwa na kirusi kilicholowea ndani yake. Ugonjwa uliowaua watu wengi Unguja mwaka 1869 na 1870, ambao daktari James Christie aliuandikia kitabu, unategemea sumu hiyo. Aina ya kipindupindu iitwayo El Tor, iliyoanza kuenea kutoka Sulawesi mwaka 1961 na kuingia Afrika 1970, ina jina la karantini ya Tor, Sinai, ambako mwaka 1905 ilipatikana katika miili ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka.

Neno moja likikubalika, ndugu zake hufuata. Hali ya bakteria kuishi na kirusi hicho iitwe ulowezi. Kitendo cha kujishona, kulowea. Na pale miale inapokitoa ndani ya kromosomu, tuseme kimeng'oka.