Vinguzo vya Ngazi za Mji Mkongwe

Mimi ni seremala wa Unguja, na hakuna kazi niipendayo kama vinguzo vya ngazi. Wazee walivikereza kwa keezo la upinde: mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika patasi, na kidole cha mguu kinaituliza. Tajiri Tharia Topan alipoanza jengo la Zahanati ya Kale hapa Mji Mkongwe mwaka 1887, mbao za kukerezwa na kuchongwa zilikuwa ndiyo fahari ya matajiri. Yeye alifariki 1891. Jengo lilikamilika 1894.

Lakini mbao hunywa maji masika, hukauka kaskazi. Miaka ikipita, ulimi wa kinguzo hukonda ndani ya tundu lake na gundi ya kale ya ngozi huachia. Kizungushe kwa vidole: kikicheza, kitoe. Kwangua gundi yote, pasua ulimi kidogo kwa msumeno, tia kabari nyembamba ya msaji, paka gundi, kigonge taratibu.

Msumari usiupigilie hapo, nakusihi. Hupasua ulimi, chumvi ya bahari huutia msumari kutu, na kinguzo cha zaidi ya miaka mia huishia kuwa kuni.