Kariakoo, Mtaa wa Wapagazi

Kila ninaposhuka basi la mwendokasi kituo cha Gerezani na kuingia Mtaa wa Msimbazi, umati hunichukua kabla sijaamua niendako. Wengi huulalamikia msongamano huo. Mimi naupenda, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Jina Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapa baada ya Dar es Salaam kutwaliwa mwaka 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi. Mwaka 1927 askari alisimamishiwa sanamu ya shaba katikati ya mji. Mpagazi aliachiwa jina la mtaa.

Watawala waliugawa mji kwa rangi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika. Wao ndio waliochora mitaa iliyonyooka. Nyumba, hata hivyo, wenyeji walizijenga kwa akili yao: ujia katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, baraza mbele. Watu wa makabila mbalimbali walipanga chini ya paa moja, wakapikia ua mmoja na kubishana baraza moja. Sishangai kwamba TANU ilizaliwa jirani kabisa, katika mtaa uitwao leo Lumumba, tarehe 7 Julai 1954.

Baada ya uhuru, Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, alitupatia soko lililofunguliwa mwaka 1975, nguzo zake zikitanuka juu kama miavuli. Moto uliliunguza Julai 2021. Nyumba za baraza nazo zimepisha maghorofa, na Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20.

Wapo wasemao dawa ni kuupunguza umati. Siafiki. Umati ndio uliokuwa Kariakoo tangu kambi ya wapagazi. Katika nyumba ya baraza, mpangaji aliuona ufa ukutani na kumweleza mwenye nyumba jioni ileile. Katika ghorofa, mchuuzi wa chumba cha chini hajui nguzo gani imeguswa. Anamtegemea mkaguzi asiyemwogopa mwenye jengo. Mkaguzi huyo akikosekana, tutakuwa tumemtwika mpagazi mzigo mwingine, na safari hii ni jengo zima.