Chombo Kisicho na Usukani: Kutoka Zanzibar ya Jules Verne Hadi Tamasha la Albuquerque

Kundi letu la kusoma vitabu lina watu tisa, wengi tunaishi Texas, na kwa mwezi mzima sasa hatujajadili kitabu hata kimoja. Tunajadili safari. Mwenzetu mmoja alituma picha ya anga lililojaa maputo ya rangi, mamia kwa mamia, akaandika chini yake: "Jamani, Oktoba twendeni." Ni tamasha la maputo ya hewa moto linalofanyika Albuquerque, New Mexico. (Maputo, yaani wingi wa puto. Siyo jiji la Msumbiji, kama alivyodhani mmoja wetu ambaye tayari alishaanza kutafuta nauli ya ndege.)

Basi ikaanza kazi. Nani ataendesha gari, nani atalala na nani, nani atapanda na nani atabaki chini. Kupanda ni mamia ya dola kwa kila kichwa. Ndipo mama yetu mmoja, mzaliwa wa Unguja na mkubwa kuliko sisi sote, akauliza swali lililonyamazisha kundi zima: "Hicho chombo kina usukani?"

Hakina.

"Sasa mnalipa pesa zote hizo mkapelekwe na upepo?"

Kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa ugonjwa wa historia, niliambiwa nimjibu. Jibu limekuwa refu kuliko ujumbe wa simu, na la ajabu ni kwamba linaanzia kwao huko huko, Unguja.

Mwaka 1863 mchapishaji Hetzel wa Paris alitoa riwaya ya kijana ambaye jina lake lilikuwa bado halijavuma, Jules Verne. Iliitwa Cinq semaines en ballon, yaani wiki tano ndani ya puto. Ndiyo iliyomfungulia Verne njia, na ndiyo ya kwanza katika ule mfululizo wake mrefu wa safari za ajabu. Wanaume watatu, Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy mwindaji, na mtumishi wao Joe, wanapaa kutoka Zanzibar mwezi Aprili 1862 ndani ya puto liitwalo Victoria, wanavuka bara zima la Afrika, na kuishia Senegal. Verne hakuwa amekanyaga Zanzibar. Alisoma ripoti za wapelelezi kama Burton na Speke, akakaa mezani, akaandika.

Kuna mambo mawili katika riwaya hiyo ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuyapita hivi hivi.

La kwanza ni la fundi. Fergusson anajua kwamba puto haligeuzwi kulia wala kushoto. Lakini linapanda na kushuka, na upepo wa chini si lazima uelekee unakoelekea upepo wa juu. Kwa hiyo anabuni njia ya kuipasha joto gesi ya haidrojeni iliyomo ndani ya puto ili apande au ashuke hadi akutane na upepo anaoutaka. (Moto karibu na haidrojeni! Msijaribu.) Chombo ni cha hatari, lakini wazo lenyewe ni sahihi kabisa. Usukani wa puto ni kimo chake. Tutalirudia hili.

La pili linauma. Kabla ya safari, Verne anawafanya watu wa Zanzibar wapandwe na ghadhabu. Eti wanaamini wageni wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, vitu ambavyo Waafrika wanavitukuza, kwa hiyo wanataka kuliharibu puto. Inabidi chombo kihamishiwe kisiwa kidogo jirani ndipo kipae. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilicheka, kisha nikakasirika. Zanzibar ya 1862 ilikuwa mji wa Waislamu, bandari ya wafanyabiashara kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, chini ya Sultani Majid bin Said. Ni watu waliotazama mwezi ili wajue lini wafunge na lini wafungue. Kuuandama mwezi na kuuabudu ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo hata mtoto wa chuoni angeweza kumweleza Verne.

Sasa hofu hiyo aliitoa wapi? Siwezi kuingia kichwani mwake, lakini najua ilikuwa imeshatokea wapi. Tarehe 27 Agosti 1783 puto la haidrojeni la Jacques Charles, lisilo na mtu ndani, liliruka kutoka Paris likaangukia kijiji cha Gonesse. Wanakijiji waliliona dubwana linatweta na kunuka, wakalivamia kwa reuma wakalichanachana. Serikali ya Ufaransa ikalazimika kutoa tangazo la kuwatuliza wananchi: hicho mnachokiona angani ni mashine tu, msiogope. Kwa hiyo watu walioharibu puto kwa hofu tunao katika historia, na ni Wafaransa, nje kidogo tu ya Paris. Miaka themanini baadaye, katika riwaya ya Kifaransa, hofu hiyo imehamia Unguja. Nadhani ndivyo inavyokuwa mtu anapoandika habari za watu asiowajua: huwavisha nguo kuukuu za kwao.

Karne moja baada ya safari hiyo ya kubuni, watu watatu wakaamua kuifanya ya kweli. Mwanzoni mwa 1962 mwandishi Mwingereza Anthony Smith, pamoja na Douglas Botting na Alan Root, mpiga filamu aliyekulia Kenya, walipaa kutoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni waliloliita Jambo. Walivuka mkondo wa bahari wakatua bara, Tanganyika, nchi iliyokuwa na uhuru wake tangu Desemba tu. Smith aliandika kitabu juu ya safari zao, nacho kikatoka 1963.

Mama yetu wa Unguja atalielewa hili kuliko mtu yeyote. Ule ni msimu wa kaskazi. Kaskazi ndiyo iliyowaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi pwani yetu kwa karne nyingi, na kusi ndiyo iliyowarudisha. Jahazi lina usukani, kweli, lakini hakuna nahodha aliyefunga safari ya Maskati kwa kuangalia usukani. Aliangalia majira. Kama upepo haujageuka, alikaa bandarini, akauza, akanunua, wengine wakaoa. Watu waliojenga miji kwa kungoja upepo hawawezi kushangaa kwamba mtu anapelekwa na upepo.

Lakini haidrojeni ni ghali na ni ya hatari, tena hubebwa kwa mitungi mizito ya chuma. Kilichobadilisha mambo ni jaribio la Mmarekani Ed Yost huko Nebraska, tarehe 22 Oktoba 1960. Alirudi kwenye hewa moto, ile ya ndugu Montgolfier wa 1783, lakini badala ya kuchoma nyasi alitumia gesi ya propeni, na kitambaa cha nailoni badala ya karatasi. Ghafla puto likawa kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukipakia nyuma ya gari. Alan Root yule yule, mwaka 1976, akaanzisha safari za watalii kwa puto la hewa moto huko Keekorok, Maasai Mara.

Na Albuquerque? Mwaka 1972 redio moja ya mji huo, KOB, ilikuwa inatimiza miaka 50. Mkazi mmoja mwenye puto lake, Sid Cutter, akasaidia kuandaa shamrashamra: maputo 13 yakapaa kutoka maegesho ya magari ya jumba la maduka. Mwaka uliofuata mji ukaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya maputo ya hewa moto. Leo tamasha linachukua siku tisa kila Oktoba, na maputo ni zaidi ya 500.

Kwa nini pale? Kwa sababu ya lile wazo la Fergusson. Albuquerque iko kwenye bonde la mto Rio Grande, mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, milima ya Sandia ikiwa mashariki yake. Usiku hewa baridi huteremka bondeni kuelekea kusini, huku upepo wa juu mara nyingi ukivuma kwenda kaskazini. Asubuhi rubani hupaa kidogo akasukumwa kusini, akapanda zaidi akarudishwa kaskazini, kisha akashuka karibu na alipoanzia. Wenyewe wanauita "sanduku". Haupatikani kila siku, lakini ukipatikana, chombo kisicho na usukani kinazunguka na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo, wapendwa, mipango yetu lazima ifuate upepo pia. Maputo hupaa jua linapochomoza, kwa sababu jua likishapasha ardhi, upepo unavurugika. Maana yake saa kumi na nusu alfajiri tuko barabarani, tena na makoti, maana Oktoba kule asubuhi kuna baridi kali. Bendera ya kijani ikipandishwa, wanaruka; ya njano, wanangoja; nyekundu, tunarudi kunywa chai. Ndiyo sababu nasema tulale siku tatu, siyo moja, na wanaotaka kupanda walipie asubuhi ya kwanza ili wakiahirishiwa wabaki na siku. Vyumba vitafutwe sasa hivi. Na anayepanda ajue kuna kupanda ukingo wa kikapu, kusimama safari nzima, na kukunja magoti wakati wa kutua.

Hapo kwenye magoti ndipo nilipofika nikijua mama yetu atakataa. Lakini sikuwa nimemaliza. Watazamaji wanaruhusiwa kutembea uwanjani katikati ya maputo yenyewe, na kila puto linahitaji watu wa chini: wa kushika mdomo wa kitambaa hewa ikiingia, wa kuvuta kamba, na wa kulifuata kwa gari popote litakapoangukia. Wengi wao ni watu wa kujitolea tu.

Nilimsomea haya yote kwa simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hao wa gari wanajuaje litaangukia wapi?"

Hawajui, nikamwambia. Wanaangalia juu, wanafuata.

"Basi mimi nitakuwa kwenye gari."

Tumeshaweka vyumba vitatu. Wanne wanapanda, watano tuko chini. Septemba tunasoma Verne, na yeye ndiye atakayeongoza mjadala wa ile sura ya Zanzibar.